SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: UCHAGUZI WA UPINDE WA KUWINDIA

Katika vyama vya msingi vilivyo pande za Mwanhuzi zinazokaribiana na Pori la Akiba la Maswa na eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao, si ajabu kwa mkutano wa wanachama kuletewa hoja isiyohusu pamba moja kwa moja. Wanyama wameingia mashambani, mtama umeliwa, na mwanachama anasimama kuuliza kwa nini chama kisinunue pinde za kisasa, zile zenye kitako kama cha bunduki, ili vijana walinde mashamba na kupata kitoweo. Mwenyekiti humtazama katibu. Katibu asiyejua chombo kinachozungumzwa hana la kushauri, na hoja hupita au huanguka kwa kelele tu.

Somo hili limekusudiwa kumpa katibu na wanachama maarifa ya kuipima hoja ya namna hiyo. Upinde huchaguliwa kama bomba la kunyunyizia dawa au mizani: huulizwa kwanza utafanya kazi gani, utashikwa na nani, utatengenezwa wapi ukiharibika, na sheria inasemaje juu yake. Anayeanza na bei ameanzia mwisho.

Aina mbili za upinde

Upinde wa mkono unajulikana na kila mtu. Ni mti uliopindwa, upote na mshale, na nguvu ya kuuvuta na kuuzuia hutoka mkononi mwa mpigaji mpaka anapouachia. Upinde wa kitako ni upinde mfupi uliolazwa na kufungwa kwenye mwisho wa gogo lenye kitako. Upote huvutwa nyuma mara moja na kunaswa na ndoana; mshale mfupi hulazwa katika mfereji ulio juu ya gogo; kisha mpigaji hulenga kwa raha zake na kubonyeza kifyatulio. Tofauti kubwa ndiyo hiyo. Kinachozuia upote si mkono, ni chuma. Kwa sababu hiyo mtu asiyepata kufunzwa kupiga upinde tangu utotoni huweza kulenga vizuri baada ya siku chache za mazoezi.

Chombo hiki si kigeni duniani. Wachina walikuwa nacho zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Huko Ulaya kilienea vitani kiasi kwamba mwaka 1139 mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Laterano, Roma, ulikataza kisitumiwe dhidi ya Wakristo. Katazo ambalo wafalme hawakulijali sana. Katika Afrika, Wafang wa Gabon na Kameruni walikuwa wakiwinda kwa upinde wa kitako wa mti mtupu, usio na chuma hata kidogo: gogo lake limepasuliwa kwa urefu, na vipande viwili vikibanwa pamoja kijiti husukuma upote utoke katika pengo lake. Vishale vyake ni vyembamba kama vijiti, na kazi ya kuua hufanywa na sumu. Katika nchi za Afrika Mashariki upinde wa mkono ndio uliotawala, na upinde wa kitako unaouzwa leo ni bidhaa ya kiwandani kutoka ng'ambo.

Jinsi ya kupima nguvu

Muuzaji husifu upinde wake kwa kutaja uzito wa kuuvuta, na mnunuzi hudhani kwamba penye uzito mkubwa ndipo penye nguvu kubwa. Hapo wengi hudanganyika. Nguvu inayoingia katika mshale hutokana na mambo mawili yakizidishwa: uzito wa kuuvuta upote, na umbali ambao upote unausukuma mshale. Uzito huanzia sifuri na kupanda hadi kilele, hivyo kwa hesabu ya karibu huchukuliwa nusu ya kilele.

Mfano. Upinde wa mkono wenye kilele cha kilo 30, unaovutwa sentimeta 50: nusu ya 30 ni 15, mara nusu meta, jibu 7.5. Upinde wa kitako wenye kilele cha kilo 60, unaovutwa sentimeta 25 tu: nusu ya 60 ni 30, mara robo meta, jibu ni 7.5 vilevile. Mnunuzi amelipia uzito maradufu akapata nguvu ileile, kwa kuwa upinde wake ni mfupi. Kwa hiyo anayeonyeshwa upinde wa kitako aulize namba mbili: kilo ngapi, na upote unasafiri sentimeta ngapi. Akipewa namba moja tu, asilipe.

Uzito wenyewe unaweza kuhakikishwa kwa mizani ya kuning'iniza: ndoana hushika upote, upinde huvutwa chini hadi kipimo chake, na kilo husomwa. (Mizani hiyo isiwe ile ya chama iliyopigwa mhuri wa Wakala wa Vipimo. Hiyo ni ya pamba, na ikivutwa hovyo haitamtendea haki mkulima siku ya kupima.)

Jambo jingine ni mwendo wa mshale. Mshale wa upinde mzuri wa mkono huenda kiasi cha meta 50 kwa sekunde; ule wa upinde wa kitako wa siku hizi hufikia meta 100 na zaidi. Mnyama akiwa meta 30, wa kwanza utamfikia kwa sekunde 0.6, na wa pili kwa sekunde 0.3. Lakini mlio wa upote humfikia kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kuisha. Swala aliye macho huruka au huinama kabla ya mshale kufika, hata uwe wa upinde ghali namna gani. Ndiyo maana wawindaji wenye busara hawapigi mbali. Upinde wa kitako una mlio mkubwa kuliko wa mkono, na faida ya mwendo hupungua kwa sababu hiyo.

Upinde wa mkono na mafundi wake

Kabla ya kutafuta bidhaa ya ng'ambo, yafaa kutazama walio jirani. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na upande wa Meatu pia, ni mafundi wa upinde ambao wataalamu wa vyuo vikuu wamewapima na kuwaandika mara nyingi. Upinde wao hukaribia kimo cha mtu, na kuuvuta huhitaji kiasi cha kilo 30. Miongoni mwa miti wanayoitumia ni mkole. Fimbo huchaguliwa ikiwa mbichi, hubanduliwa gome, hupashwa moto na kunyoshwa, na mafundi hutumia hata meno kunyosha mishale. Upote hutengenezwa kwa kano za wanyama zilizosokotwa. Vigumba vya chuma hufuliwa kutokana na misumari, baridi hivyo hivyo, kwa kugongwa juu ya jiwe. Manyoya ya ndege hufungwa nyuma ya mshale ili uende wima.

Hapo pana somo la uchaguzi. Mhadzabe hutengeneza upinde wa kumfaa mwenyewe, kwa urefu wa mkono wake na nguvu za kifua chake. Ukivunjika, mti mwingine upo. Upote ukikatika, atasokota mwingine. Hana haja ya kusubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam.

Wenye upinde mzito kuliko wote katika nchi za jirani walikuwa Wawaata wa Kenya, ambao wengine waliwaita Waliangulu, wawindaji wa tembo wa nyika ya Tsavo. Kuuvuta upinde wao kulihitaji kilo 45 na zaidi, na wageni wengi wenye miili mikubwa walishindwa kuufikisha mwisho. Katika miaka ya 1950 askari wa hifadhi waliendesha msako mkubwa dhidi yao, wengi wakafungwa, na mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini mote. Ustadi wa karne nyingi ukawa hauna mahali halali pa kutumika. Wasukuma nao wana habari zao: vyama vya Bayege, waliokuwa wawindaji wa tembo, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu, viliacha ngoma na nyimbo ambazo bado zinakumbukwa.

Sumu ndiyo iliyowawezesha watu hao kuangusha wanyama wakubwa. Wawaata na Wakamba walichemsha msunguti. Wahadzabe hutumia utomvu wa mmea ambao wataalamu huuita Adenium na mbegu za jamii ya Strophanthus. Sumu hizo zote hushambulia moyo. John Kirk, daktari katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi kati ya miaka 1858 na 1863, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alibeba mfano wa sumu ya mishale mfukoni pamoja na mswaki wake. Aliposafisha meno aliona mapigo ya moyo yamebadilika. Kutokana na mbegu hizo madaktari wa Ulaya walipata dawa ya moyo. Msomaji aelewe kwamba mshale wa sumu uliochomekwa katika paa la nyumba yenye watoto ni hatari kwa muda mrefu, na zahanati ya kijiji haina la kufanya mtoto akichomwa.

Mnunuzi wa upinde wa kitako aangalie nini

Upinde wa kitako usio na sumu huua kwa kukata na kumwaga damu. Hauna kishindo cha risasi. Hivyo kitu cha kwanza cha kuchunguza ni kigumba chenyewe, kabla ya uzito wa upinde. Kigumba butu juu ya mshale wa mwendo mkali humwumiza mnyama na kumpoteza. Makali yapimwe kwa kunyoa unywele, yasiponyoa, yanolewe.

Pili ni jinsi ya kuuvuta. Upinde wa kilo 70 hauvutwi kwa mikono mitupu na kijana wa kawaida. Kuna kamba yenye vishikio na ndoana ambayo hupunguza uzito karibu nusu, na kuna winchi ndogo ya kuzungusha. Kamba ni bora kwa kijijini: ni nyepesi, haina meno ya chuma ya kujaa vumbi, na ikikatika hufungwa nyingine. Upote lazima uvutwe sawasawa pande zote mbili. Ukivutwa upande, hata sentimeta moja, mshale utakwenda pembeni na mpigaji atamlaumu fundi.

Aina za upinde wa kitako zilizopo madukani ni mbili. Moja ina mikono iliyopindwa mbele na upote mmoja tu. Nyingine ina magurudumu kwenye ncha za mikono na nyaya zinazopishana. Hii ni fupi, ina kasi, na ni nzuri kuitazama. Lakini upote wake ukikatika hauwezi kubadilishwa bila mashine maalumu ya kuibana mikono. Kwa mtu wa Mwanhuzi aliye mbali na karakana ya namna hiyo, aina ya kwanza ndiyo ya kuchagua, hata kama muuzaji atacheka. Upote wa akiba ununuliwe siku ileile, pamoja na nta ya kuupaka, maana jua na vumbi la kiangazi huula.

Mishale iwe ile iliyotajwa na kiwanda, kwa urefu, uzito na umbo la sehemu ya nyuma inayopokea upote. Mshale mwepesi mno ni sawa na kufyatua upinde mtupu, na upinde wa kitako ukifyatuliwa bila mshale nguvu yote hurudi katika mikono yake, ikaipasua. Kosa hili hufanywa dukani na vijana wanaojaribu kifyatulio. Upinde unaotiliwa shaka kuwa umefyatuliwa mtupu usinunuliwe hata kwa nusu bei. Tena kuna vidole: gumba likikaa juu ya mfereji wakati wa kufyatua, upote utalikata. Kifyatulio kiwe na kizuizi, na kizuri zaidi ni kile kinachojifunga chenyewe upote unaponaswa. Upinde uliovutwa haubebwi njiani, haupandishwi juu ya baiskeli wala pikipiki.

Uzito wa chombo chenyewe ni kilo tatu hadi nne. Mwenye kutembea toka alfajiri hadi jua la utosi atauhisi.

Sheria na mipaka

Hapa ndipo hoja nyingi za mikutanoni huishia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inataka leseni kabla ya kuwinda. Inakataza kutumia sumu, silaha zenye sumu, mitego, mashimo, mbwa na taa za usiku. Inakataza pia mtu kuwa na bunduki, upinde au mshale ndani ya Pori la Akiba bila kibali cha maandishi. Haisemi lazima awe amepiga. Kuwa nao kunatosha. Asitokee mtu kudai kwamba chenye kitako si upinde. Bado ni upinde. Nyama na ngozi bila hati ni nyara za Serikali, na kesi za nyara husikilizwa kwa utaratibu wa makosa ya uhujumu uchumi, ambamo dhamana si jambo jepesi.

Sasa yaunganishwe mambo mawili yaliyokwisha kuelezwa. Mnyama aliyepigwa mshale haanguki papo hapo. Hukimbia, na mwindaji mwenye ujuzi humwacha kwanza, kisha hufuata damu. Katika kijiji kinachopakana na Maswa, mnyama hukimbilia kwao, yaani porini. Kijana aliyempiga nguruwe pori shambani mwa baba yake, akafuata damu nusu saa akiwa na upinde begani, huweza kuvuka mpaka bila kuona alama yoyote, na akikutana na askari hana maelezo yatakayomsaidia. Upinde unaoua polepole karibu na mpaka wa hifadhi ni chombo cha kumwingiza mwenyewe matatani. Hakuna kilo wala sentimeta za kuondoa tatizo hilo.

Mtu anaweza kusema kwamba Sungusungu walibeba pinde na mishale tangu walipoanza katika miaka ya 1980, na Serikali ikawatambua kwa sheria ya mwaka 1989. Ni kweli, lakini walitambuliwa kwa kazi ya ulinzi wa vijiji dhidi ya wezi wa mifugo na majambazi. Ulinzi wa ghala la pamba na fedha za malipo ni kazi yao halali. Kuwinda si kazi hiyo. Nao Wahadzabe wakiruhusiwa kuwinda chakula chao kwa desturi katika maeneo yao, ruhusa hiyo haiazimwi kwa jirani.

Mwanachama anayetaka kuwinda kihalali aanzie kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Leseni ndiyo itakayotaja mnyama, idadi na mahali. Silaha inunuliwe baada ya jibu, si kabla. Ikumbukwe pia kwamba vijiji wanachama wa Jumuiya ya Makao hupata mapato kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya wanyama hao hao. Anayewinda kwa kificho anakula zahanati ya wenzake.

Hoja ikifika mezani

Katibu afungue masharti ya chama. Chama cha mazao hufanya kazi zilizoandikwa katika masharti yake, na ununuzi wa silaha za kuwindia haumo. Kama wanachama wanautaka, masharti yabadilishwe kwanza na mkutano mkuu na kusajiliwa, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inavyoelekeza. Na kama fedha ni za mkopo, ziwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Kisha liulizwe swali ambalo watu hulikwepa: upinde ulioandikwa katika daftari la mali za chama ukikamatwa ndani ya Pori la Akiba, nani atakuwa ameutoa? Jina litakalosomwa ni la aliyetia sahihi ya kuutoa ghalani, na sahihi hiyo ni ya katibu au mtunza ghala.

Kwa tembo, ambaye ndiye mharibifu mkubwa, upinde hauna faida yoyote. Mshale bila sumu humkasirisha, na tembo aliyejeruhiwa humrudia mtu asiye na hatia siku ya pili. Ushahidi uliopatikana karibu na Tsavo, Kenya, unaonyesha kwamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba huwarudisha tembo wengi, ingawa si wote. Na mzinga hutoa asali, bidhaa ambayo chama kinaweza kuikusanya, kuipima na kuiuza. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu nazo husaidia, zikipakwa upya baada ya mvua. Mashamba yakishaharibiwa, taarifa ipelekwe mapema kwa ofisa wa kijiji ili tathmini ya kifuta jasho ifanyike kabla mabaki ya mazao hayajakauka. Wengi hukosa kwa kuchelewa.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi: Upinde wa kitako wenye kilele cha kilo 80, unaovutwa sentimeta 35, unazidi kwa kiasi gani ule wa kilo 60 uliotajwa katika somo? Toka mashamba ya wanachama wa chama chenu hadi mpaka wa hifadhi ni umbali gani, na nani kati yenu anaweza kuuonyesha mpaka huo usiku? Bei ya upinde mmoja wa kitako, pamoja na mishale sita na upote wa akiba, ingenunua mizinga mingapi kwa fundi wa kijijini kwenu? Majibu ya swali la tatu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu na kuletwa kwenye mkutano unaofuata, yakiwa na jina la fundi na bei aliyotaja.